Vile Nilijiita Nekesa Mbele ya Vyungu

Wewe mwenye umeshika simu, ishike vizuri, usichukue kidevu peke yake. Niko na uso mzima. Mmesema mnataka mama mzee aongee juu ya kazi ya vyungu, muiweke mahali isipotee hata mimi nikipotea. Sawa. Lakini mimi shule nilionanga kwa njia tu, nikipita na kuni kichwani, kwa hivyo msiniambie nianze na ya kwanza niende ya pili. Nitaongea vile inakuja. Na mwenye atasinzia nitamrushia tope.

Jana mlipofika hapa Shinyalu niliwauliza majina. Huyu mrefu akanijibu na sauti ya kutoka kwa pua: "Shosho, mi naitwa Tiffany, lakini kwa simu niko Tiffy." Nikamuuliza, na nyanya yako alikupatia gani? Akaangalia vidole vya miguu. Akasema polepole, kama mtu anakubali kwamba ndiye alikula nyama ya wageni: "Khasiala."

Mlicheka nyinyi wote. Mimi pia nilicheka, lakini sikuwa nacheka yeye. Yeye ameficha jina kwa simu tu. Mimi nilificha langu kwa mama mkwe, miaka miwili, na karibu nifukuzwe kwa udongo niende kushika panga ya miwa.

Mimi naitwa Nanjala. Kwetu ni upande wa Matete. Huko mtoto akizaliwa mvua ikinyesha ni Nafula. Akizaliwa watu wakivuna ni Nekesa. Akizaliwa wakati wa njaa, basi, ndio mimi huyu. Mama yangu aliniambianga mwaka huo walikula majani mpaka mbuzi zikaanza kuwaangalia vibaya. Hakuna mtu alikaa chini atafute jina. Njaa ilikuwa imekaa mlangoni, wakaichukua wakanivalisha.

Nikiwa msichana sikuona shida. Kwetu tulikuwa akina Nanjala wengi, hata ukiita mmoja wanageuka watatu. Shida ilianza nilipoolewa huku.

Bwana yangu Shivachi alikuwa mkata miwa. Mtu mzuri, mpole, anaongea kama gari inapanda mlima na gia ya kwanza: "Ee... Nanjala... unajua... mama yangu... anafinyanganga vyungu." Nikasema vizuri, hata mimi mikono ninayo. Hakuniambia ile ingine.

Siku ya kufika, tulimkuta mama yake ameketi kwa kivuli cha nyumba, miguu amenyoosha, chungu kibichi katikati. Kibichi, maanake hakijaona moto. Vingine vilikuwa vimepangwa kwa banda vikikauka, vingi, kama watoto wanangoja pipi. Jina la huyo mama sitataja hata leo. Ni mama mkwe wangu, na kwetu ulimi haugusi jina la mama mkwe. Watu walimwita Mama Shivachi. Alikuwa anaongea na nusu ya mdomo, kama fundi wa nguo mwenye ameshika pini na meno.

Kabla hata atusalimie, kasichana ka jirani kakapita hapo kando ya banda kakisema, "Kukhu, niko na njaa." Kukhu ni nyanya. Yule mama akaruka! "We! Usitaje njaa hapa! Vyungu vinasikia! Chungu kikisikia njaa kinapasuka kwa moto! Toka, enda useme hiyo maneno kwa barabara!"

Kasichana kakatoroka. Mama akapangusa mikono, akageuka, uso ukawa mtamu kama muwa. "Mulembe, mwanangu. Karibu nyumbani. Unaitwa nani?"

Sasa niambieni, mngesema nini? Kwetu njaa ni enjala. Hapa wanasema inzala. Ukisema Nanjala, nani hapa hatasikia? Ni kama kuingia kwa mtu na kuku kwapani, kuku inalia, wewe unasema hakuna kuku.

Nikafungua mdomo ikatoka: "Naitwa Nekesa."

Nekesa ni binamu yangu. Alizaliwa wakati wa mavuno, akanenepa akiwa bado hajajua kutembea. Niliangalia Shivachi. Shivachi aliangalia mama yake, akaangalia vyungu, akaniangalia mimi. "Ee," akasema. "Nekesa... ndiyo... mama." Hiyo ndiyo siku nilijua bwana yangu ananipenda, na pia kwamba ni mwoga.

Hivyo nikaanza kazi na jina la wenyewe.

Kazi yenyewe nilipenda kutoka siku ya kwanza. Nitawaambia kitu kimoja kimoja, na nyinyi mshike na mikono, si na simu. Udongo tulichimbanga huko bondeni, chini kabisa, mahali maji yanalala. Udongo peke yake ukifinyanga unapasuka. Unachukua vigae, vile vipande vya vyungu vilivyovunjika, unaponda mpaka vinakuwa kama chenga za mahindi, unachanganya. Kwa hivyo chungu kikivunjika usilie sana. Kinarudi ndani ya kingine.

Mara moja nilijifanya mjanja. Nilikuwa nimeenda kusalimia mama huko Matete, nikaona ule udongo wetu mweusi, laini, unang'aa kama mafuta. Nikajaza gunia, nikabeba mpaka hapa, jasho mpaka kwa visigino. Nilisema nitafinyanga kitu watu wa Shinyalu hawajawahi kuona. Nikafinyanga. Vikakauka. Asubuhi ya tatu vyote vilikuwa vimefunguka mistari kama kisigino cha mzee. Mama mkwe akaviangalia, akashika kimoja, kikagawanyika mara mbili mkononi.

"Nekesa," akasema na ile nusu ya mdomo, "huu wa kwenu ni mzuri wa kupanda mahindi. Sisi udongo wetu uko na mchanga, uko na mizizi, unachosha mikono. Lakini ndio tunajua vile unakasirika. Utafinyanga na huu. Hakuna mwingine unakuja."

Lakini ndani nilijua si udongo. Nilijua ni mimi. Vyungu vimesikia.

Hapo ndio mjue ujinga ulianza. Kila kitu kikiharibika, mimi nasema ni jina. Mvua ikinyesha siku ya kuchoma, ni jina. Mkono wa chungu ukitoka, ni jina. Nikaanza kuogopea vyungu vya wengine. Tulikuwa watatu kwa hiyo boma tunafinyanga: mama mkwe, mimi, na shemeji yangu Imali, dada ya Shivachi, mwenye alikuwa amerudi kwao na maneno mengi kuliko nguo. Nikasema, vyangu vikikaa karibu na vyao kwa banda, vitaambukiza. Sasa vyangu nikavibeba nikavificha ndani ya nyumba yangu, nyuma ya kitanda, kwa kona. Huko hakuna mtu angeviona, na wao wangepona.

Imali akaniuliza, na ile sauti yake ya juu kama mlango unataka mafuta: "Ni nini hiyo unaficha? Unafinyanga dhahabu?"

Nikasema, "Naogopa kuku zako zitavikanyaga."

"Kuku zangu ziko na adabu kuliko wewe!"

Siku ya kuchoma sasa. Huku tulichomanga nje, mchana, upepo ukiwa umetulia. Unapanga kuni chini, unalaza vyungu, unafunika na kuni na nyasi kavu, unawasha. Hakuna mlango, hakuna dirisha. Kila mtu anavileta vyake, vinachomwa pamoja. Kabla ya kulaza, mama mkwe alikuwa anashika chungu anaweka kwa shavu, hivi. Shavu likisikia baridi, maji bado yako ndani, anakirudisha. Likisikia hakuna kitu, kiko tayari. Shavu lake lilikuwa na alama ya udongo siku zote, hata kanisani. Lakini vyangu havikuwa kwa banda, havikupimwa. Nilivitoa nyuma ya kitanda nikavileta mbio, moto umeshaandaliwa, nikavisukuma ndani.

Tukasikia: Pa! Pa-pa! Imali akashika kichwa. Chungu chenye maji ndani kikipata moto hakipasuki kimya. Kinarusha vipande, vinapiga jirani, jirani naye anapasuka. Siku hiyo chungu changu kimoja kiliua vitatu vya Imali. Alinitukana kwa Kiisukha cha hapa, kwa Kiswahili, na kwa lugha ingine mpaka leo sijui aliitoa wapi.

Mama mkwe hakutukana. Hiyo ndiyo iliniumiza. Kila asubuhi huyu mama alikuwa anaomba kwa sauti, anapitia watu wa nyumba mmoja mmoja kama mwalimu anasoma majina. "Bwana, mkumbuke Shivachi huko kwa miwa. Mkumbuke Imali, ufunge mdomo wake kidogo. Mkumbuke Nekesa, ubariki mikono yake." Asubuhi baada ya hiyo kupasuka alirudia ya mikono mara tatu. Mimi nilikuwa nje na ufagio, nasikia, nimesimama kama mti.

Ikatokea tena moto uliofuata. Na mwingine.

Basi mtu mmoja wa Likuyani akaja kuagiza mitungi ya maji, mikubwa, ya sherehe ya kumtoa msichana wake aolewe. Kazi ya heshima. Mama mkwe akaniita kando. "Nekesa, mwanangu. Huu moto ni wa wageni. Ukipasua tena, nafikiri Mungu hakukupatia mikono ya udongo. Si dhambi. Utaenda na Shivachi, mtakata miwa pamoja, mtakula. Lakini hapa utaacha."

Nikasema ndiyo, mama. Nikaingia nyumbani nikaketi kitandani, vyungu vyangu huko nyuma kwa kona kama vifaranga. Wasichana, mimi sikuwa na kitu kingine. Sikusoma, sikuimba, hata kupika mimi ni wa kawaida. Lakini nikiweka mkono ndani ya chungu na mwingine nje, ukuta ukipanda katikati, nilikuwa nasikia niko mahali pangu. Na sasa jina la kuzaliwa linanitoa hapo.

Siku ya soko nilienda tu, nikabeba vile vichache vilikuwa vimepona.

Soko hapo ndio mimi nilijifunza kuigiza watu, kwa sababu ungekaa siku nzima na chungu kimoja kikipewa majina mengi. Mama wa hapa anakuja: "Inyungu hii nayo, haivuji maji?" Mjaluo anakuja: "Yawa, hii agulu ni safi!" Mnandi anakuja, anagonga na kidole, anasikiliza, anasema kidogo, "Hii ter iko sawa." Mswahili wa Mumias, kofia nyeupe, anasalimia kwanza mpaka unasahau ulikuwa unauza nini, kisha: "Mama, huu mtungi ni wako?" Na siku hizi mama wa mjini na miwani ya jua: "Wow, hii vesi ni kyuti!" Anataka kuweka maua. Zamani ningekasirika. Maji tu ndio nilijua inakaa ndani. Lakini kile chungu nilikuwa nakiangalia, hakijawahi kuniuliza, mama, kwani mimi ni nani kati ya hawa wote? Kinakaa tu na tumbo lake.

Karibu na mimi aliketinga mama mmoja wa upande wa Kisumu, anauza omena, vile visamaki vidogo vya ziwa. Mkubwa kuliko mimi, mwili umejaa, kicheko kama debe linaanguka kwa ngazi. Tulikuwa tumekaa pamoja siku nyingi, lakini mimi nilimwita Mama Omena na yeye aliniita Nyar Matete, maanake msichana wa Matete, hata kama alisikia watu wakiniita Nekesa. Siku hiyo aliona uso wangu umeanguka.

"Nyar Matete, ni nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi rudisha uso. Unafukuza wateja wangu."

Mteja mmoja akaja akamuuliza jina, amtafute siku ingine. Akasema kwa sauti ya soko lote: "Uliza Akech! Watakuonyesha! Akech ni mimi!" Mteja akaenda. Mimi nikauliza, kuongea tu, "Akech ni jina la nini?"

"Kech ni njaa," akasema, akiendelea kupima omena. "Nilizaliwa wakati wa njaa."

Niliangalia kushoto na kulia. Vyungu vyangu vilikuwa hapo, sentimita hata sijui ngapi. Nikasema chini chini, "Unasemanga hivyo kwa sauti?"

"Niseme na nini, na filimbi? Ni jina yangu."

"Huogopi?"

Aliweka kikombe cha kupimia chini. "Niogope nini? Sikiza, wewe. Njaa ilikuja kwetu. Na mimi nikakuja. Njaa ilienda. Mimi niko hapa, angalia hii mwili. Nani alishinda?" Akageuka upande wa maziwa, akapigia kelele mama mmoja Mnandi mwenye kibuyu: "Cherubet! We Cherubet! Jina yako ni ya nini?"

Yule akajibu bila kuinua macho, sauti kavu kama kuni: "Ni ya njaa. Kwani unataka ingine?"

"Umeona?" Akech akaniambia. "Njaa ilizunguka kila mahali, na kila mahali watu wakaiandika kwa mtoto. Wewe nawe Nekesa, wewe ni wa shibe. Mama yako alikuzalia kwa mahindi."

Sijui kama mmewahi kusifiwa kwa kitu cha kuiba. Shingo inapata moto. Nikasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuisema tangu nivuke mlango wa mama mkwe: "Mimi si Nekesa. Mimi ni Nanjala." Nikamwambia yote, vyungu vinasikia, Imali, kona, mtu wa Likuyani, miwa. Nikamwambia kwa kunong'ona, na mkono mmoja nimefunika mdomo wa chungu.

Alicheka mpaka omena zikamwagika. Kisha akapangusa macho. "Ngoja. Hivyo vyungu unaviweka wapi vikauke?"

"Nyuma ya kitanda. Kwa kona."

"Kwa nini?"

"Visiambukize vingine."

"Nyar Matete." Alishika omena moja akaiweka mbele ya macho yangu. "Hii nikianika kwa jua, inakauka. Nikiificha nyuma ya kitanda, inaoza. Sasa ikioza nitasema imeoza juu naitwa Akech?"

Unajua wakati mtu anakuonyesha kitu na ilikuwa hapo tu, unataka kumkumbatia na unataka kumpiga.

Nilirudi nyumbani nikavitoa vyote nyuma ya kitanda, nikavipeleka kwa banda, katikati ya vya wengine. Imali akauliza, "Leo kuku zangu zimepata adabu?" Nikamwambia zimeokoka. Nikafinyanga mitungi ya Likuyani na udongo wetu huu wenye mchanga. Sikuharakisha. Nilisugua nje na gunzi la mahindi, nikalainisha na jiwe la mtoni mpaka nikaona kivuli cha mkono wangu. Nikangoja. Kila siku niliweka kwa shavu. Baridi. Baridi. Baridi kidogo. Siku moja shavu halikusikia kitu.

Nikamwita mama mkwe aje apime na lake. Alipima kimoja, akapima cha pili. Akaenda kutafuta kuni.

Lakini kulikuwa na jambo lilinizuia kulala vizuri, na nataka mnisikie hapa. Mitungi hii sasa ingepona. Nilijua. Ningenyamaza tu, mambo yangu yangekuwa sawa, ningekaa kwa udongo maisha yangu yote nikiitwa Nekesa. Halafu ningejuaje? Ikipona kwa jina la Nekesa, basi Nekesa ndiye fundi. Nanjala angebaki yule wa kupasua, amefichwa nyuma ya kitanda mpaka kufa. Nilimwonea huruma. Hakuwa amefanya kitu huyo msichana.

Kwa boma hiyo chungu kikitolewa motoni, kilikuwa kimepigwa moshi, vyote vinafanana. Unakiinua na mti mrefu, kikiwa bado chekundu chini, na mwingine anakinyunyizia maji ya magome, yale tumechemsha, ya kukifunga matundu. Hapo ndipo pabaya, maji na moto vikikutana. Na hapo hapo mwenye chungu anapiga kelele jina lake, wengine wajue ni cha nani na kiwekwe upande upi. "Cha Imali!" Shaaa, maji. "Cha Imali!" Shaaa.

Moto ulishuka. Hatukusikia pa hata moja. Shivachi alikuwa amekuja nyumbani siku hiyo, amesimama mbali na mikono nyuma. Mtu wa Likuyani alikuwa ameketi kwa kiti akinywa chai. Mama mkwe alikuwa na mti, mimi na kopo la maji ya magome. Akainua mtungi wangu wa kwanza, mkubwa, unatetemeka kwa joto, akaugeuza kwangu.

Nikamwaga maji nikapiga kelele: "Wa Nanjala!"

Imali aliacha kopo lake likaanguka. Mama mkwe alikuwa ameinua ule mtungi juu. Shivachi akasema kule mbali, "Ee..." akatoa mikono nyuma.

"Nanjala ni nani?" mama mkwe akauliza.

"Ni mimi, mama. Kutoka siku ya kwanza. Niliogopa."

Mtungi ulikuwa unavuma, vile unavumanga maji yakiingia kwa udongo. Tuliuangalia wote. Hata mtu wa Likuyani alisimama na kikombe chake. Ulivuma, ukavuma, ukanyamaza. Mzima.

"Ongeza maji," mama mkwe akasema. "Unapoa upande mmoja."

Nikaongeza. Akauweka chini, upande wangu. Akainua wa pili. Nikaita jina. Akauweka. Wa tatu hivyo hivyo. Mpaka kazi ikaisha hakuna mtu aliongea neno lingine isipokuwa majina na maji. Mtu wa Likuyani akapakia mitungi yake kwa mkokoteni, akashukuru, akaenda.

Ndipo mama mkwe akaketi kwa gogo, akavua kitambaa cha kichwa, akajipepea. Nilipiga magoti. Nilijua sasa ni miwa.

"Miaka miwili," akasema, na kwa mara ya kwanza alitumia mdomo wote. "Miaka miwili kila asubuhi naombea Nekesa. Naambia Mungu abariki mikono ya Nekesa, ampatie Nekesa afya, ampatie Nekesa mtoto. Sasa hizo baraka zimekuwa zikienda wapi?"

Nikasema ukweli. "Kuna Nekesa mmoja kwetu, mama. Binamu yangu."

"Yuko aje?"

"Ako sawa sana. Amezaa mapacha. Wako na ng'ombe tatu."

Imali ndiye alianza kucheka. Ile sauti ya mlango. Halafu Shivachi, polepole, gia ya kwanza, ya pili. Mama mkwe alijaribu kushika uso, uso ukamshinda, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nimenonesha mtu Matete!" akalia. "Mtu hata simjui!"

Baadaye, tukikusanya vigae, nilimuuliza juu ya vyungu kusikia njaa. Akaniangalia kama mtoto. Aliniambia mtoto akisema yuko na njaa, anaanza kuzunguka anafunua kila chungu akitafuta chakula, na vibichi vinavunjika. Ukimwambia vyungu vinasikia, anaenda mbali. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama ya mama yake. Labda ni ukweli. Labda alinihurumia akaitunga hapo hapo. Sikuuliza mara ya pili. Nyinyi nitawaambia tu hivi: kabla ya kulaumu jina lako, angalia kwanza umeanika wapi.

Siku hizi mambo ni mengine. Mtungi wa kibuluu wa plastiki ulikuja ukatunyang'anya maji. Tukageukia kufinyanga jiko za udongo. Watu wa kikundi walituletea gurudumu la kuzungusha na miguu, na vijana wako na tanuru yenye mlango. Ni vizuri, sikatai. Mimi gurudumu lilinishinda, lilinizungusha mimi. Nilibaki na kile nilikuwa nacho, mikono miwili na kigae cha kuzungushia, na nimelea watoto nacho. Nilipobatizwa walinipatia jina lingine zuri la kizungu. Liko kwa cheti. Nikiliona nasemanga habari ya leo, linanyamaza, kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Lakini mmeniuliza ilikuwa aje, na bado sijasema vile iliisha.

Asubuhi iliyofuata nilisubiri maombi nikiwa na ufagio. Hayakuja. Mama mkwe alinipatia jembe na karai. Kuchimba udongo alikuwa anachimbanga yeye mwenyewe, hakuwa anaachia mtu, kwa sababu ukikosea mahali pa kuchimba unaharibu kazi ya mwezi. "Enda bondeni," akasema. "Peke yako. Chimba pale utaona panafaa."

Nilienda. Nilichimba mpaka jua likapanda, mgongo unauma, tope mpaka kwa magoti, na sikujua kama amenisamehe ama amenipatia kazi ya punda. Juu kule niliona moshi wa jikoni. Kisha nikamwona ametoka, amesimama kando ya banda, mikono ameweka kwa mdomo. Alivuta pumzi. Na akaita, mdomo wote, bonde lote likasikia, watu kwa mashamba wakageuka:

"Nanjalaaa! We Nanjala! Obusuma iko tayari! Kuja ule!"

Nikaacha jembe hapo hapo kwa tope, nikapanda kwenda kula ugali.